Seva inajizima ikizidiwa na kazi: uanze kumshuku nani, joto, umeme, RAM au programu?

Siku za kawaida seva haina neno. Mafaili yanafunguka, watu wanne watano wako kwenye mfumo wa mauzo, feni inavuma polepole. Inafika tarehe 30, mhasibu anaanza kukokotoa mishahara wakati bekapu nayo inaendelea, na ghafla skrini ni nyeusi. Feni zinanyamaza, kisha zinavuma kwa nguvu, nembo ya mtengenezaji inatokea, na mashine inaamka kama vile hakuna lililotokea.

Fundi wa kwanza atasema ni vumbi. Wa pili atasema ni pawa saplai. Wa tatu, ambaye kwa kawaida ni shemeji wa mtu hapo ofisini, atasema piga Windows upya. Kila mmoja ameshawahi kupatia mahali fulani, kwa hiyo kila mmoja anasema kwa uhakika, na wewe ndiye unayelipia majaribio yao. Hapa nawaweka washukiwa wanne ubavu kwa ubavu ili uchague wa kuanza naye kabla hujatoa hela.

Mimi naliangalia jambo hili hivi: mzigo wa kazi hauui seva, unakula akiba. Mashine iliyotulia ina akiba ya kila kitu. Prosesa iko mbali na joto la hatari, pawa saplai inatoa robo ya uwezo wake, sehemu kubwa ya RAM haijaguswa, diski zinajibu papo hapo. Kazi ikikaza, akiba zote zinashuka kwa pamoja, na ile iliyokuwa nyembamba tangu mwanzo ndiyo inayokatika. Ndiyo maana kusema "mbona miezi yote ilikuwa nzima" hakumwondolei mtu shaka. Ilikuwa nzima kwa sababu hakuna aliyeigusa akiba hiyo.

Kwanza, ilikufaje?

Usifungue kava bado. Kaa na waliokuwepo, uliza mambo mawili. Kabla ya kuzima, ilikuwa nzito kwa dakika kadhaa au ilikuwa nyepesi tu? Na baada ya kuzima, iliwaka yenyewe au mtu alibonyeza kitufe? Majibu hayo mawili yanaokoa nusu ya siku.

Kisha nenda kwenye logi, yaani kumbukumbu za matukio ya mashine. Kwenye Windows fungua Event Viewer utafute tukio namba 41 la Kernel-Power. Watu wengi wakiliona hilo wanafurahi kwamba wamempata mwizi, kumbe tukio hilo linasema tu kwamba mashine ilizima bila kuaga. Cha maana kiko ndani yake, kwenye kipengele cha BugcheckCode. Kikiwa 0, Windows haikupata nafasi hata ya kulalamika, na mara nyingi maana yake ni kwamba umeme uliondoka chini ya miguu yake. Kikiwa na namba nyingine, kulikuwa na skrini ya bluu ambayo hamkuiona, kwa sababu Windows kwa kawaida imepangwa ijiwashe yenyewe baada ya skrini hiyo. Ondoa alama kwenye mpangilio wa kujiwasha baada ya hitilafu, na safari ijayo skrini itakusubiri.

Kwenye Linux anza na `last -x | head -20`. Seva iliyozimwa kistaarabu inaacha mstari wa shutdown kabla ya mstari wa reboot. Iliyokufa haiachi. Kisha `journalctl -b -1 -e` usome mistari ya mwisho ya uhai uliopita. Ikikuambia haina kumbukumbu za nyuma, journali yako inakaa kwenye RAM na inapotea kila mashine inapozima. Tengeneza folda ya /var/log/journal, uwashe upya huduma ya systemd-journald, usubiri tukio lijalo.

Ukikuta logi inaishia katikati ya mambo ya kawaida kabisa, mtumiaji ameingia, kazi ya saa imeanza, kisha pengo, usidhani hujapata kitu. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Keneli, yaani kiini cha mfumo, inayoanguka kwa kosa lake yenyewe kwa kawaida hupiga kelele kidogo. Iliyokatiwa umeme haina muda huo.

Seva za kampuni kubwa zina shahidi wa tatu: kompyuta ndogo ndani ya madabodi inayobaki macho hata mashine ikizima. Dell wanaiita iDRAC, HPE wanaiita iLO, Supermicro wanaiita IPMI. Amri ya `ipmitool sel elist` inakupa daftari lake lote, na humo utakuta pawa saplai iliyopoteza umeme, feni iliyokufa au kipande cha RAM chenye makosa, pamoja na saa. Nimeona watu wakibadilisha vipuri wiki nzima kumbe jibu limeandikwa humo tangu siku ya kwanza.

| Mshukiwa | Inavyokufa | Inachoacha kwenye logi | Jaribio lisilo na gharama |
|---|---|---|---|
| Joto | Inakuwa nzito kwanza, kisha inazima na mara nyingi inabaki imezima | Maonyo ya joto kabla ya tukio | Fuatilia `sensors` (amri ya Linux inayosoma joto) huku ukiipa kazi |
| Umeme | Ghafla, pengine sekunde chache baada ya kazi kukaza, kisha inajiwasha | Kimya | Ondoa UPS (boksi la betri ya dharura), azima pawa saplai nyingine |
| RAM | Haina saa maalumu, na programu huanza kuanguka siku kadhaa kabla | Makosa yanayobadilika badilika | Memtest86+ usiku kucha |
| Programu | Inaganda, kisha inajiwasha | Jina la kosa, au alama ya saa ya ulinzi | Soma logi, zima kilichoongezwa karibuni |

Jedwali hili ni la kuanzia tu. Mashine haisomi jedwali.

Joto: anayeshukiwa kuliko anavyostahili

Najua Dar ilivyo mwezi wa kwanza na wa pili, na najua AC za ofisini zinazozimwa saa kumi na moja jioni mhasibu akifunga mlango. Kushuku joto si ujinga. Lakini prosesa za kisasa zinajilinda. Nyingi za Intel zikikaribia nyuzi 100 za Selsiasi zinapunguza kasi zenyewe, na zinaendelea kupunguza kadiri joto linavyobana. Ni pale tu joto linapopanda mbali zaidi licha ya hayo, kwa mfano hitisinki, kile chuma kinachoipoza prosesa, imeachia upande mmoja, ndipo prosesa inapoagiza madabodi ikate umeme mara moja. Na hapo mashine kwa kawaida inazima ikabaki imezima.

Kwa hiyo seva inayouawa na joto huwa inalalamika kwanza. Watumiaji wanasema mfumo umekuwa mzito tangu saa nne, feni zinapiga kelele kama jenereta. Kama mashine yako ilikuwa nyepesi, ikazima, ikawaka yenyewe ndani ya nusu dakika, joto la prosesa lisogeze nyuma kwenye foleni.

Nasema la prosesa kwa makusudi. Sehemu ya madabodi inayoilisha prosesa umeme, vile vipande vidogo vilivyopangwa kando yake, nayo inachemka, na kwenye madabodi nyingi za bei nafuu haina kipimo unachoweza kukisoma. Hiyo inaweza kuangusha mashine huku `sensors` ikionyesha nyuzi 70 zenye amani. Ukiwa na mashine ya mnara, fungua kava, elekeza feni ya mezani upande huo, rudia kazi ile ile. Ikistahimili, umepata jambo. Usifanye hivyo kwenye seva za kulala kwenye raki: hizo kava yake ndiyo inayoelekeza hewa, na ukiifungua unazidisha joto.

Usafi wenyewe haudhuru. Puliza vumbi ukiwa umeshika mapanga ya feni yasizunguke, badilisha krimu ya prosesa kama imekauka ikawa chaki. Usiseme tu kwamba umetengeneza kabla hujairudishia mzigo.

Umeme: ninakoanzia mimi

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo nilipoaibika.

Mwaka fulani, mwezi wa pili, niliitwa kwenye ofisi moja Dar. Seva ya mnara ilikuwa imewekwa kwenye stoo ya zamani ya vifaa vya usafi, bado ina harufu ya sabuni. Kila bekapu ya usiku ikianza, mashine inazima na kuwaka. Siyo kila usiku, mara tatu au nne kwa wiki. Niliingia, nikahisi joto usoni, nikasema hili jepesi. Nikapuliza vumbi, nikabadilisha krimu, nikaongeza feni ya nyuma, nikaandika ankara. Usiku wa pili ikazima tena.

Niliporudi nilimkuta mlinzi, mzee mmoja anayekaa karibu na mlango wa stoo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba fundi. Mmerudi tena?"

"Tumerudi. Bado inazima."

"Mimi kompyuta sizijui," akasema, "lakini hako kaboksi ka chini huwa kanalia kwanza. Kanafanya tiii, ndipo mashine inakufa. Na taa ya getini nayo inakonyeza hapo hapo."

Kaboksi ka chini ni UPS. Mzee alikuwa ameshafanya uchunguzi wote, hakuna aliyemwuliza.

Tazama kilichokuwa kinatokea. Umeme wetu ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, kwa hiyo mzunguko mmoja unachukua milisekunde 20. Pawa saplai ya kompyuta ina kapasita kubwa inayotunza umeme kidogo ili mashine isihisi kila mtikisiko. Kiwango cha ATX cha muda mrefu kimeitaka iweze kuhimili kiasi cha milisekunde 16 bila umeme ikiwa na mzigo kamili, yaani hata mzunguko mmoja haufiki. UPS ya kawaida nayo inahitaji muda kuhama kutoka umeme wa ukutani kwenda kwenye betri, kama milisekunde 4 hadi 10. Vyote viwili vikiwa vipya, hesabu inakubali. Sasa kapasita ichakae kwa miaka saba ndani ya stoo yenye joto. Mashine ikiwa imetulia inakunywa umeme kidogo, akiba iliyobaki kwenye kapasita inatosha kuvuka zile milisekunde. Bekapu ikianza, prosesa na diski zote zinakunywa kwa pamoja, akiba ile ile inakauka kabla UPS haijahama. Juu ya hapo betri ya UPS, ile ya volti 12 yenye Ah 7, ilikuwa ya miaka mitano na ilikuwa imevimba ubavuni.

Kwa hiyo ilihitaji mambo mawili kwa wakati mmoja: mzigo, na umeme wa mtaa kuyumba kidogo. Ndiyo maana haikuwa kila usiku. Mchana mtikisiko ule ule ulipita bila mtu kujua.

Jaribio la kutenganisha hayo ni rahisi. Chomeka seva moja kwa moja ukutani kwa usiku mmoja, bila UPS. Inatisha, najua, lakini chukua bekapu kwanza. Tabia ikibadilika, UPS ina mkono wake hapo. Isipobadilika, hamia kwenye pawa saplai. Ukiweza kuazima inayofanya kazi kutoka mashine nyingine, hilo ni jaribio bora kuliko kipimo chochote nitakachokueleza.

Huna pa kuazima? Chukua mita, iweke kwenye volti za DC. Tafuta plagi ya pini nne ya diski ambayo haitumiki, chomeka ncha nyeusi ya mita kwenye waya mweusi, ncha nyekundu kwenye waya wa njano. Mashine ikiwa imetulia utaona kama 12.1. Sasa mwenzako aipe kazi, na wewe usiondoe macho kwenye mita. Inaruhusiwa kwenda kati ya 11.4 na 12.6. Ikishuka kutoka 12.1 hadi 11.9 na kukaa hapo, hakuna tatizo. Ikianza kuteremka 11.7, 11.5, 11.3 kadiri kazi inavyokolea, unaitazama pawa saplai ikichoka mbele yako. Ila mita ya kawaida ni nzito wa macho: kushuka kwa milisekunde chache haitakuonyesha. Mita ikikuambia kubaya, iamini. Ikikuambia kuzuri, usiiamini sana.

Jaribio lingine halihitaji hata bisibisi. Prosesa za Intel zina tabia ya kuruka juu ya kasi yao ya kawaida kazi ikiongezeka, na hapo ndipo zinakunywa umeme mwingi kwa ghafla. Izuie kwa muda: `echo 1 > /sys/devices/system/cpu/intel_pstate/no_turbo`, ukiwa na mamlaka ya juu ya mfumo. Rudia kazi. Ikiacha kuzima, bado hujajua kama ni umeme au joto, lakini umeshawatoa RAM na programu mbele ya foleni. Na ofisi inaendelea na kazi, polepole kidogo, hadi kipuri kifike.

Kuna mtego mmoja kwenye BIOS, ile mipangilio ya madabodi yenyewe. Kipo kipengele kinachoamua mashine ifanye nini umeme ukirudi: iwake, ibaki imezima, au irudi ilivyokuwa. Wakati wa uchunguzi kiweke kwenye kubaki imezima. Ukiikuta asubuhi imezima, umeme ulikatika kabisa, au joto ndilo lililoizima. Ukiikuta imejiwasha, ilipigwa kofi la kuanza upya huku umeme ukiwepo, na hapo pawa saplai inayoyumba, RAM na programu zinarudi mezani.

Wenye seva za pawa saplai mbili, msijione mmepona. Moja ikifa kimya, ya pili inabeba yote, na hakuna anayejua hadi siku ya mzigo. Zunguka nyuma uangalie taa. Zote mbili ziwe na rangi ile ile.

RAM: mwongo wa kundi

RAM mbovu haina mtindo. Leo inaangusha hifadhidata, kesho inatoa skrini ya bluu yenye namba hii, keshokutwa namba ile. Hilo ndilo linaloitambulisha: sababu zinazobadilika kila mara bila mpangilio. Mzigo unaiumbua kwa sababu siku za kawaida sehemu yenye kasoro haifikiwi na mtu.

Hapa ulinganisho muhimu ni kati ya RAM yenye ECC na isiyokuwa nayo. ECC inasahihisha kosa la biti moja na kuliandika, na ikikuta biti mbili zimeharibika kwa pamoja inajua haiwezi kusahihisha, inasimamisha mashine badala ya kuendelea na data chafu. Kwa hiyo seva yenye ECC inayojiwasha kwa sababu ya RAM karibu kila mara imekwisha kukuandikia barua. Kwenye Linux weka rasdaemon, kisha uulize `ras-mc-ctl --errors`. Kwenye Windows tafuta matukio ya WHEA-Logger. Makosa yaliyosahihishwa kumi kwa wiki kwenye kipande kimoja ni mwaliko wa kununua kingine. Mashine ya mezani iliyopandishwa cheo kuwa seva haina barua hiyo, itabidi uwashe Memtest86+ kutoka kwenye flashi na uiache usiku kucha. Duru moja bila kosa haitoshi, ziache angalau nne.

Ukipata kosa usikimbilie dukani. Chomoa vyote, safisha meno ya dhahabu kwa kifutio cha penseli, rudisha kimoja kimoja, ukijaribu kila kimoja kwenye nafasi ile ile. Hewa ya pwani ina chumvi, na mara kadhaa kifutio cha shilingi mia tano kimemaliza kesi. Kosa likibaki kwenye nafasi badala ya kumfuata kipande, tatizo ni madabodi, na hapo pole.

Programu: inapojiua yenyewe

Watu wanaamini RAM ikijaa Linux inajiwasha upya. Hapana. Keneli inachagua programu moja na kuiua, na inaandika jina lake kwenye logi. Mashine inabaki hai, isipokuwa mtu aliweka vm.panic_on_oom kuwa 1. Keneli nayo ikianguka kwa hofu (kernel panic), bila mpangilio wa ziada inaganda, haijiwashi. Angalia `sysctl kernel.panic`: ikiwa 0 itaganda, ikiwa 10 itajiwasha baada ya sekunde 10. Kama ni 0 na mashine yako inajiwasha, hofu ya keneli haielezi unachokiona.

Kinachoeleza mara nyingi ni saa ya ulinzi, ile inayoitwa wochidogi. Ni kipimamuda kinachohesabu kurudi nyuma, na mfumo unatakiwa ukiguse kila mara kuonyesha uko hai. Usipokigusa, kinapiga mashine kofi la kuanza upya bila huruma na bila maelezo.

Mfano ninaoupenda ni wa Proxmox, mfumo wa kuendesha mashine pepe (kompyuta za kuigiza ndani ya seva), kwa sababu unafanana na pawa saplai mbovu kuliko pawa saplai mbovu yenyewe. Una seva tatu kwenye kundi, umewasha huduma ya kuhamisha mashine pepe mojawapo ikifa. Seva hizo zinaongea kwa Corosync, ambayo inataka mtandao mwepesi, majibu chini ya milisekunde 5. Saa nane usiku bekapu inaanza na kupita kwenye waya ule ule wa mtandao. Waya unajaa, salamu za Corosync zinachelewa, seva moja inajikuta haiwasikii wenzake. Kwa kanuni, seva isiyo na wenzake haina ruhusa ya kuendelea, isije mashine pepe moja ikawa hai sehemu mbili. Baada ya kama dakika moja saa ya ulinzi inaiangusha. Asubuhi unakuta imejiwasha usiku, wakati wa mzigo, na unaanza kuagiza pawa saplai. Dawa ni kadi ya mtandao ya pili na waya wake, Corosync ipite huko peke yake, au angalau kuipunguzia bekapu kasi. Ukisoma logi za seva zile mbili nyingine utaona zikisema zimempoteza mwenzao kabla hajazima. Umeme ungekatika, angepotea na kuzima wakati mmoja.

Kuwatenganisha kwa saa mbili

Badala ya kungoja tarehe 30, mlete mshukiwa mezani. Weka stress-ng, programu ya kuibebesha mashine mzigo, kisha ipe kazi moja moja. Prosesa peke yake: `stress-ng --cpu 0 --timeout 30m`. RAM peke yake: `stress-ng --vm 4 --vm-bytes 80% --timeout 30m`. Diski peke yake kwa fio, programu ya kuzipa diski kazi. Halafu vyote pamoja. Dirisha la pili liwe na `watch -n1 sensors`, ukiwa umeingia kutoka kompyuta nyingine kwa SSH, ili mashine ikifa, namba za mwisho zibaki kwenye skrini yako.

Ikifa kwenye prosesa ndani ya sekunde tano, kwa kawaida joto halijapata hata muda wa kupanda: anza na umeme. Ikifa dakika ya kumi na mbili huku nyuzi zikipanda, ni joto. Ikifa kwenye RAM tu, unajua. Na ikistahimili kila kimoja peke yake lakini ikafa kwa vyote pamoja, rudi kwenye pawa saplai, kwa sababu hiyo ndiyo inayolipa bili ya wote.

Ikistahimili hata vyote pamoja kwa saa mbili, mashine yenyewe pengine ni nzima. Tafuta nje: UPS, ekstensheni iliyoungua tundu moja, mtandao, au ratiba ya kitu kinachowaka saa hizo hizo, kama pampu ya maji.

Hela iende wapi

Kama ni UPS, chaguo ni tatu. Ile ya bei ya chini inayohama tu umeme ukikatika, ifae kwa kompyuta ya mapokezi. Ya kati inayosawazisha volti zinapopanda na kushuka inatosha ofisi nyingi ndogo, na ndiyo ningenunua kwanza, kwa sharti kwamba inatoa wimbi laini ikiwa kwenye betri. Nyingi za bei rahisi zinatoa wimbi la ngazi ngazi, na baadhi ya pawa saplai mpya zenye kusawazisha mkondo hulikataa na kuzima. Ya tatu haihami kabisa: umeme wa ukutani unageuzwa kuwa DC kisha unatengenezwa upya kuwa AC muda wote, na betri imeungwa katikati ya njia hiyo. Ni ghali, inapiga kelele, inatoa joto, lakini mitikisiko haiioni. Mahali ambapo taa zinakonyeza kila jioni, inarudisha gharama yake.

Soma wati, siyo VA. Boksi la VA 650 kwa kawaida linabeba wati mia tatu na kitu, na seva yenye diski sita ikikaza kazi inaweza kuzifikia zote. Betri nayo ihesabiwe kuwa ya miaka mitatu, na kwenye chumba cha moto pungufu ya hapo.

Kama ni pawa saplai, kwa mashine ya mnara nunua mpya yenye jina. Ya mtumba ina kapasita za umri ule ule wa iliyokufa. Kwa seva za raki ya mtumba inakubalika, kwa sababu mpya ya modeli hiyo pengine haipo tena, lakini nunua mbili.

Madabodi yenye kapasita zilizovimba kichwa, fundi mzuri wa kuchomelea anaweza kuzibadilisha, na zikikaa vizuri zinadumu. Mimi hufanya hivyo kununua muda wa kuhamisha data, siyo zaidi. Ukiamua kubadilisha seva nzima na unatazama zile za mtumba zinazokuja kupitia Dubai, nenda dukani na flashi yako yenye Linux na stress-ng. Mwombe muuzaji dakika ishirini za mzigo kamili kabla hujalipa, na zikiwa zinaendelea zunguka nyuma uweke kiganja kwenye hewa inayotoka kwa kila pawa saplai.

Ile ofisi ya stoo walinunua betri na pawa saplai, UPS wakaibakiza. Feni yangu ya nyuma bado iko pale inavuma, na ile ankara ya kwanza niliichana.